Wakala wa ziara za kikazi, Posta Dar: viza nyota tano, ratiba nyota moja

Tangu turudi kutoka Sweden, wakufunzi wa vyuo vingine vya maendeleo ya wananchi wananipigia simu na swali lilelile: yule wakala mliyemtumia, tumpe kazi au tusimpe? Naandika yote hapa mara moja ili simu ipumzike. Jina la ofisi silitaji. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na yale ya kulaumu nimeshawaambia wenyewe, ana kwa ana, kwenye meza yao.

Kwanza mjue tulikuwa kina nani, maana ushauri wangu haumfai kila msafiri. Alikuwepo Mkuu wetu wa chuo, mimi wa ushonaji ambaye pia nilikuwa mratibu, mwenzetu wa useremala, dada anayelea watoto kwenye kituo cha chuo wakati mama zao wako darasani, na mama mmoja mwezeshaji wa MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, kutoka kata ya jirani. Huyu mama hajaajiriwa na mtu. Anafundisha chini ya mwembe na kwenye darasa la kuazima, analipwa posho inapopatikana, na ndiye aliyetuumiza vichwa kuliko sote kwenye mambo ya viza. Nitamrudia.

Wenyeji wetu walikuwa chuo kimoja cha wananchi kusini mwa Sweden, wenyewe wanaita folkhögskola. Kwa vijana wasiojua, hivi vyuo vyetu 54 vya serikali havikuota tu kama uyoga. Vilianzishwa 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Waswidi na kwa kuiga vyuo vyao, ambavyo vilianza 1868. Kwa hiyo tulikuwa tunakwenda kumwona babu wa chuo chetu, si kuzuru Ulaya. Wakala hakulishika hilo tangu mwanzo, na lawama zangu nyingi zinaanzia hapo.

Huduma yao wanaiita kifurushi cha ziara ya kikazi. Shilingi 180,000 kwa kila mtu, ikiwa ni ushauri wa viza, kupanga miadi, kukata tiketi, bima na ratiba. Ada ya viza yenyewe iko pembeni: ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, zamani ilikuwa 80. Ukikataliwa, hairudi. Pasipoti nayo juu yako, 150,000 kwa ile ya kielektroniki, na wawili wetu hawakuwa nayo.

Sasa viza. Hapa nawavulia kofia.

Pale ofisini kuna binti mmoja, sidhani kama amefika miaka 30, anayesoma karatasi kama fundi cherehani anavyokagua mshono. Siku ya kwanza alizipanga pasipoti zetu mezani, akaweka barua ya mwajiri juu ya kila moja, akaanza kulinganisha majina. Mwenzetu wa useremala pasipoti yake ina majina matatu. Barua ya chuo ina mawili. Taarifa ya benki ina mawili pia, lakini la pili siyo lile la kwenye barua, ni la babu. Sisi tumefanya kazi naye miaka mingi, tunamjua ni yeye yuleyule. Binti akasema, "Mwalimu, huyu afisa wa viza hajawahi kukuona. Yeye anaona watu watatu tofauti." Akamrudisha nyumbani na kazi mbili: barua mpya ya chuo yenye majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, na kiapo cha wakili kwamba hayo majina ya benki ni ya mtu huyohuyo. Usumbufu, ndiyo. Lakini nimesikia kundi la mkoa mwingine ambalo mtu wao mmoja alibaki kwa sababu ya jina.

Halafu akaja kwa mama wa MEMKWA.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hati ya mshahara unayo?"

"Sina mshahara, mwanangu. Nina wanafunzi."

Tulicheka, lakini ofisi nyingi zingeishia hapo. Fomu zote zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri, mkataba, likizo iliyoidhinishwa na mshahara unaoingia tarehe ile ile. Watu wa elimu nje ya mfumo rasmi hatuko hivyo, nusu yetu tunajitolea. Na afisa wa viza anachotaka kujua zaidi ni kimoja: huyu atarudi? Yule binti hakumwambia mama atafute hati ya mshahara ya kubuni, kama mjanja mmoja wa kijiweni alivyokuwa ameshamshauri. Alichukua kalamu akamuuliza anaishi na nani, analima wapi, yuko kwenye kikundi gani. Mwisho mama akawa na rundo zuri kuliko letu: barua ya Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya inayoeleza anafundisha wapi, tangu lini na kwamba darasa linamsubiri, barua ya serikali ya kijiji kuhusu shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, daftari la kikundi chake cha kuweka na kukopa, limepigwa mihuri mpaka likachoka. Na kwenye barua ya mwaliko, wenyeji wakaandika wazi kwamba nauli, chakula na malazi yake yote ni juu yao.

Alipata viza siku moja na Mkuu wa chuo.

Kuhusu hiyo barua ya mwaliko, ya kwanza iliyokuja ilikuwa nzuri kwa kusoma na haina maana kwa viza. Ilisema wanafurahi sana kutupokea "wiki ya 39". Waswidi wanahesabu wiki za mwaka, na wanapanga maisha yao yote hivyo, mpaka miadi ya daktari wa meno. Binti akairudisha: tarehe kamili ya kufika na ya kuondoka, majina na namba za pasipoti, anwani ya malazi, nani analipa nini, sahihi na namba ya simu ya anayesaini. Bima ya safari aliikagua mwenyewe pia, maana lazima ifike angalau euro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, siyo Sweden peke yake. Na alitusukuma tupeleke maombi mapema. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu linatoka ndani ya siku 15, lakini wana ruhusa ya kuvuta mpaka 45. Anayepanga kwa hesabu ya 15 anacheza bahati nasibu. Kumbuka pia alama za vidole: mara ya kwanza lazima uende mwenyewe kituoni, hakuna wakala wa kukuwakilishia vidole. Kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini hiyo ni nauli ya basi kwenda na kurudi Dar na pa kulala, na kwenye kifurushi haimo.

Kitu kimoja wasichokifanya, na wala siwalaumu, ni kibali cha kusafiri nje. Mtumishi wa umma haondoki kwa barua ya mwaliko tu. Dokezo linapanda kutoka chuoni kwenda wizarani, linakaa, linaulizwa, linarudi kwa kukosa kiambatisho, linapanda tena. Anzeni hilo kabla hata ya kumwona wakala. Sisi tulilianza siku tuliyopata barua ya mwaliko ile ya wiki ya 39, na hata hivyo lilifika tukiwa tumeshaanza kupumua kwa shida.

Tiketi: wastani. Dar hadi Stockholm hakuna ndege ya moja kwa moja, unachagua kupita Doha, Istanbul, Addis Ababa au Amsterdam. Walitupa bei za njia mbili tu, na moja ilikuwa na kusubiri usiku kucha uwanjani. Nilipoomba ya tatu, ilipatikana ndani ya dakika kumi, tena nafuu. Kwa nini haikuwepo tangu mwanzo, waulizeni wenyewe. Na hawakufikiria kwamba wenyeji wetu wako kusini, ambako kuteremkia Copenhagen, Denmark, na kuvuka daraja kwa treni kunaokoa saa nyingi kuliko kushuka kutoka Stockholm. Hilo walilisema wenyeji.

Ila naongeza pointi moja kwa risiti. Wanatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwa kila kitu, yenye jina la chuo na namba ya mlipakodi. Aliyewahi kurejesha masurufu kwa mhasibu wa serikali anajua hiyo ni amani ya moyo.

Sasa ratiba. Hapa ndipo nyota moja inapotoka, na hiyo moja ni ya karatasi waliyoichapia.

Rasimu yao ya kwanza ilitaka twende Julai, kwa kuwa chuo chetu kinakuwa likizo. Hawakujiuliza kama na wenyeji wako likizo. Shule na vyuo Sweden hufungwa kuanzia Juni mpaka katikati ya Agosti, na Julai nchi nzima iko ziwani na msituni. Tungefika tukutane na mlinzi na majani yaliyokatwa vizuri. Tulisogeza mpaka mwisho wa Septemba.

Rasimu ya pili ilikuwa na makumbusho ya meli ya Vasa, makumbusho ya muziki, kisiwa, duka kubwa la samani, duka jingine kubwa, na kwenye chuo cha wananchi "ziara ya saa mbili, kupiga picha". Sina ugomvi na Vasa. Meli ya mfalme iliyozama 1628 katika safari yake ya kwanza kabisa, hata bandari haijaiacha vizuri, ikaja kuibuliwa 1961, na leo watu wanalipa kiingilio kuitazama. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia mradi anastahili kuiona. Lakini fedha za ziara ya kubadilishana uzoefu zina mwenyewe, na mwenyewe anataka ripoti. Ungeandika nini kwenye ripoti, kwamba useremala wa 1628 ulikuwa na kasoro?

Tuliwaambia ratiba waache. Tukaiandika sisi na wenyeji kwa simu ya video, jioni kadhaa, intaneti ikikatika na kurudi. Kanuni yetu ilikuwa moja tu: kila mmoja wetu amfuate mwalimu mmoja wa kule, kuanzia asubuhi mpaka anapofunga mlango, hata kwenye kikao cha kugombania vyumba. Hakuna "mada" wala mtu wa kutusomea slaidi. Na tuliacha mashimo kwenye ratiba kwa makusudi. Mashimo hayo wakala alitaka kuyaziba na safari za basi. Shukuru Mungu hatukukubali, maana mengi tuliyorudi nayo yalipatikana humo.

Mfano ni kile Waswidi wanachokiita fika. Asubuhi, kazi inasimama, watu wote wanakwenda kunywa kahawa pamoja, mwalimu, mpishi, mwanafunzi, mkuu. Imo kwenye ratiba kama somo. Mkate wao wa mdalasini una iliki ndani, mama wa MEMKWA aliuonja akasema huyu aliyeoka ana ndugu Tanga. Ndipo hapo mezani, siyo darasani, mwalimu wa ushonaji niliyekuwa namfuata aliponieleza jinsi anavyokaa na mtu aliyekimbia shule miaka kumi iliyopita. Vyuo vile havitozi ada ya masomo, na wanapokea watu wazima wa miaka 18 na kuendelea, wengi wao walioshindwa kumaliza sekondari. Hawatoi mitihani ya mwisho kama yetu. Walimu wanakaa pamoja wanaandika tathmini ya mwanafunzi, na tathmini hiyo inampeleka mpaka chuo kikuu. Nilimuuliza mara mbili, bila mtihani? Bila mtihani. Mwenzetu wa useremala mpaka leo hajakubali, na ubishi wao yeye na Mkuu ulianzia kwenye treni, haujaisha.

Mkuu wetu naye alipata yake. Kule kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, kavukavu. Kijana mmoja mwenye hereni puani alimwita Mkuu kwa jina ambalo mimi sijawahi kulitamka, akamwomba asogee achukue maziwa. Mkuu alisogea. Jioni alisema tu, "Yule kijana hana adabu mbaya," akanyamaza. Siku ya mwisho walikuwa wanapigiana picha.

Kilichotugusa zaidi kilikuwa duara la kujisomea, jioni, kwenye chumba kidogo cha maktaba ya mji. Watu wachache mezani, kitabu kimoja, anayeongoza siyo mwalimu bali mmoja wao. Wanafanya hivi tangu 1902. Mkalimani hajamaliza kueleza, mama wa MEMKWA akasema hii ni Mtu ni Afya. Na kweli. Wazee watakumbuka kampeni ile ya 1973, vikundi vya kusikiliza redio vijijini, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi kutoka palepale kijijini, watu takriban milioni mbili nchi nzima. Mama yake alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Walisikiliza kipindi, wakajadili, wakachimba choo. Wale Waswidi waliacha kitabu chao wakaanza kumhoji. Walitaka kujua choo kilichimbwa na nani, aliyekataa alifanywaje, redio ilikuwa ya nani. Muda wa duara ukapita, maktaba ikataka kufunga. Kwenye ratiba ya wakala, saa hiyo tungekuwa tunanunua sumaku za friji.

Mambo madogo ambayo wakala hakutuambia na alipaswa. Walituuzia ushauri wa kubeba dola taslimu. Sweden karibu hakuna anayetaka noti. Basi la mjini halipokei, kibanda cha kahawa kinaonyesha alama ya kadi tu. Wenyewe wanalipana kwa simu, kitu kinaitwa Swish, lakini kinahitaji akaunti ya benki ya kule, mgeni hupiti. Nendeni benki kwenu mkaombe kadi ifunguliwe matumizi ya nje kabla ya kuondoka, na muijaribu. Kadi ya mlezi wetu iligoma mpaka mwisho na tukawa tunamlipia, tunaandika kwenye daftari.

Nguo za baridi nazo walisema tutanunua huko. Kwa bei zile? Sisi tulipita mnadani Makambako, tukachambua mitumba, koti zito 15,000. La Mkuu lilikuwa na lebo ya duka la Sweden shingoni. Lilirudi kwao kwa ndege.

Jambo la mwisho linahusu safari ya kurudishiana, maana ziara ya kubadilishana ni ya pande mbili na Waswidi wanakuja kwetu. Hapa wakala alinyanyuka tena. Wenyeji wetu walikuwa wameshafungua mtandao wa viza ya Tanzania ili wajaze maombi ya viza ya kawaida ya dola 50, kama watalii. Yule yule binti akawazuia: mnakuja kukaa darasani na kufundisha, kwanza tuulize Uhamiaji kwa maandishi, maana kuna viza ya kikazi ya dola 250 na kuna vibali vya muda mfupi, na tofauti yake ni kubwa kuligundulia uwanja wa ndege. Aliandika barua, akafuatilia majibu, hakutoza zaidi. Kwa hiyo ratiba ya wageni tunaiandaa chuoni, karatasi zao anazo yeye.

Mkiwaendea, semeni tangu mlangoni kwamba mnataka viza, bima na tiketi, ratiba mnayo. Wataanza na zile 180,000. Sisi tulipokwenda mara ya pili kwa ajili ya wageni tulishuka mpaka 120,000 kwa kuitoa ratiba. Ombeni njia tatu za ndege, siyo mbili. Mwulizeni yule binti wa viza kwa cheo chake, yupo Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi kuna kijana mwingine, mpole sana, lakini majina halinganishi.